Apdeti Ilivyofika Nakivale

Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliwaruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa barua ya utambulisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, hata kama kadi ya ukimbizi haijatoka. Wiki kama sita baadaye, tarehe 1 Oktoba, mchezo wa Call of Duty: Mobile ulitolewa duniani, na kwa makadirio ya kampuni ya Sensor Tower ukapakuliwa mara milioni 100 katika wiki ya kwanza. Walioandika agizo lile Kampala hawakuwa wakifikiria gemu. Nao walioutengeneza mchezo, studio ya TiMi ya kampuni ya Tencent huko China, sidhani kama walikuwa wamewahi kulisikia jina la makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwa kijana wa kanda za huko, Base Camp au Juru, hata hivyo, habari hizo mbili zilikuwa habari moja. Bila laini hakuna bando. Bila bando hakuna mchezo. Na asiyekuwa na bando jingine mwezi ujao, mchezo alioupakua mwezi huu utagoma kufunguka: kuna toleo jipya, nenda kalichukue.

Historia ninayotaka kuisimulia ni ya huo mwezi ujao. Michezo ya kufyatuliana risasi mtandaoni, ile ambayo kila mchezaji huingia uwanjani na kazi yake, huyu daktari, yule fundi, mwingine mdunguaji, imesimuliwa mara nyingi kwa upande wa wanaoitengeneza. Upande wa wanaoipokea mwisho wa barabara haujasimuliwa sana.

Nakivale ni kongwe kuliko Uganda huru. Ilitambuliwa rasmi mwaka 1960, miaka miwili kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa, Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959 walipopokelewa kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Baada yao wakaja Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia, Waeritrea. Makazi yana eneo la takriban kilomita za mraba 185 katika wilaya ya Isingiro, kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo, na ndani yake vijiji ambavyo baadhi hubeba majina ya walikotoka wenyeji wake, kama New Congo. Watu wamezidi 100,000. Kiserikali ni makazi, si kambi, na tofauti hiyo si ya karatasi tu: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi wa Uganda haki ya kufanya kazi na kutembea. Ndiyo maana Mbarara, umbali wa kilomita 60 hivi, ni mji wa watu wa Nakivale pia. Mbarara ndiko wanakokwenda kutafuta hospitali kubwa, kuuza mahindi na maharage, kununua simu.

Kabla ya simu kulikuwa na kibanda. Uganda nzima inakijua: chumba cha mabati au mbao, mabenchi, televisheni moja au mbili, na sauti ya VJ akiitafsiri filamu ya Hollywood kwa Kiganda huku akiongeza chumvi yake. Baadaye baadhi ya vibanda viliingiza PlayStation, na mteja akawa analipia mechi badala ya filamu. Alexander Betts na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, walipochapisha mwaka 2014 utafiti wao juu ya uchumi wa wakimbizi wa Uganda, Nakivale ikiwa miongoni mwa maeneo waliyochunguza, walikuta biashara za kila namna, za kusaga nafaka, za simu, na banda la michezo ya video lililotumia mashine za mitumba. Ripoti hiyo inakumbukwa zaidi kwa hoja yake kwamba mkimbizi ni mfanyabiashara, si mdomo wa kulishwa tu. Mimi nilibaki kwenye hilo banda. Mashine ya mitumba haidai apdeti. Diski ya mpira ikishanunuliwa, mchezaji aliyestaafu Ulaya miaka mitano iliyopita bado anafunga mabao Nakivale, na hakuna mtu yeyote Tokyo au California anayeweza kumtoa uwanjani.

Ule mwingine, mchezo unaobadilika wenyewe, ulizaliwa mbali. Mwaka 1996, Melbourne, Australia, vijana watatu, Robin Walker, John Cook na Ian Caughley, waliuchukua mchezo wa Quake na kuutengenezea nyongeza waliyoiita Team Fortress. Ubunifu wao ulikuwa kuwanyima wachezaji usawa. Katika Quake kila mtu alikuwa askari mmoja yuleyule, na mwenye mkono mwepesi ndiye mshindi. Katika Team Fortress ulichagua kazi kwanza: mmoja ana mbio lakini hastahimili risasi mbili, mwingine ana silaha nzito lakini hutembea kama anakwenda kuchota maji, daktari hutibu, mpelelezi hujifanya mwenzenu. Hakuna aliyekamilika. Asiye na shabaha akapata nafasi yenye heshima. Kampuni ya Valve ya Marekani ikawachukua Walker na Cook, na Oktoba 2007 ikatoa Team Fortress 2 yenye kazi tisa.

Hapo ndipo apdeti ilipogeuka kuwa tukio. Aprili 2008 Valve ilitoa nyongeza kubwa iliyompa daktari silaha mpya, kisha zamu ikaenda kwa kazi nyingine, moja baada ya moja, na wachezaji wakajifunza kusubiri zamu zao. Juni 2011 mchezo ukawa wa bure, na kampuni ikaanza kuishi kwa kuuza vikolombwezo, kofia hasa. Mtindo huo, mchezo bure, mapambo kwa pesa, mabadiliko yasiyokoma, ndio uliokuja kuitawala simu. Mwaka 2016 Overwatch ya kampuni ya Blizzard iliuendeleza kwa mashujaa wenye vipawa mbalimbali badala ya kazi tisa.

Michezo hiyo miwili haikuota mizizi huku, na sioni cha kushangaza. Team Fortress 2 ilipotoka, Afrika Mashariki haikuwa na hata kebo moja ya nyuzi za kioo chini ya bahari. Intaneti yetu ilipanda kwa setilaiti na kushuka tena. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS ya Kenya ikafuata, kisha EASSy mwaka 2010, na Uganda isiyo na pwani ikaunganishwa kupitia Kenya. Hata hapo, mchezo wa gigabaiti nyingi kwenye kompyuta ulikuwa mali ya wachache. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara mwenye kompyuta ya mapajani angeweza kujaribu. Kijana wa Rubondo, anayelipia kuchaji simu dukani, hakuwa hata kwenye foleni.

Kilichoifungua njia ni Free Fire. Kampuni ya Garena ya Singapore iliutoa mwishoni mwa 2017, na siri yake haikuwa uzuri wa picha. Ulikubali kukaa kwenye simu yenye RAM ya GB 1, wakati Call of Duty: Mobile ilipokuja ilidai GB 2. Tofauti ya gigabaiti moja ilikuwa tofauti ya simu ya Tecno au itel ya mitumba na simu ya kununua dukani Mbarara, High Street. Mechi ilikuwa ya watu 50 na huisha kwa dakika kama kumi, muda ambao betri iliyochoka inaweza kuuvumilia. Na mgawanyo wa kazi ulikuwamo kwa sura ya wahusika: Kelly mkimbiaji, Olivia muuguzi ambaye akimwamsha aliyeanguka humrudishia uhai zaidi, na kuanzia 2019 Alok, aliyetengenezwa kwa mfano wa DJ wa Brazil mwenye jina hilo, ambaye muziki wake huwatibu waliosimama karibu naye. Call of Duty: Mobile nayo, katika ile aina yake ya kupigana hadi abaki mmoja, ilimtaka mchezaji achague kabla ya kuruka kutoka kwenye ndege: daktari, fundi, skauti, ninja, mlinzi.

Daktari bila wa kumtibu ni bure, kwa hiyo timu lazima izungumze, na Nakivale lugha ya kuzungumza ilikuwapo tayari. Mkongo wa Kivu, Mrundi aliyefika baada ya vurugu za Bujumbura za 2015, na Msomali aliyepitia Nairobi hukutana kwenye Kiswahili sokoni, basi hukutana kwacho hata kwenye kipaza sauti cha simu. Nimeanguka, njoo uniamshe. Usimfuate, ana ngao. Kiswahili hicho si cha darasani, kina Kifaransa na Kinyarwanda ndani yake, lakini amri inaeleweka kabla adui hajajaza risasi upya.

Sasa tuje kwenye apdeti yenyewe, maana hapa ndipo ufundi wa wachezaji wa sehemu kama hizi ulipo, na ufundi huo hauonekani kwenye mchezo. Garena huyapa matoleo yake namba, OB27, OB28 na kuendelea, moja kila baada ya miezi miwili hivi. Toleo likitoka, anayelipakua ni mtu mmoja: mwenye pesa wiki hiyo, au aliyenunua bando la usiku akakesha, au aliyekwenda Mbarara akakuta mtandao wa kasi. Akirudi, wenzake humzunguka. Anafungua Xender au SHAREit. Simu yake inatengeneza mtandao mdogo wa kwake, hauhusiani na kampuni yoyote ya simu wala haukati senti. Simu ya pili inapiga picha ule mraba wenye vidoadoa, na faili zinaanza kuhama. Kwanza programu yenyewe, ile APK. Kisha faili nene ya OBB, yenye ramani, sauti na sura za wahusika, ambayo lazima ilale ndani ya folda ya Android, ndani ya obb, ndani ya folda nyingine yenye jina la com.dts.freefireth. Ukikosea herufi moja ya jina hilo, mchezo hauioni faili, unataka kuipakua upya kutoka mtandaoni, na bando la watu linaungua. Kijana ambaye hakumaliza darasa la saba huijua njia hiyo kwa kichwa.

“Grand, una mega?” anauliza Mkongo mdogo.

“Mega sina, ila apdeti ninayo. Leta simu.”

Haikuwa bure kabisa. Mchezo ukishafunguka huchota vijifaili vingine moja kwa moja kutoka seva, kwa hiyo megabaiti kadhaa zilihitajika hata hivyo. Lakini kadhaa si mia sita. Kisha mwaka 2020 Google ikatoa Android 11, ambayo kwa sababu za usalama iliifungia mlango ile folda ya obb ili programu nyingine zisiichungulie. Sababu ilikuwa nzuri. Matokeo yake ni kwamba simu mpya ikawa mbaya kuliko ya zamani kwa kazi hii, jambo ambalo muuza simu hakukwambia, na wenye simu kuukuu wakaheshimika ghafla.

Mwaka huohuo shule zilifungwa. Uganda ilizifunga Machi 2020 kwa sababu ya korona na haikuzifungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watoto wa Nakivale na wa Mbarara wakawa sawa kwa mara moja: wote nyumbani. Simu ya baba iliyotakiwa kusomea ikasomewa kidogo na kuchezewa sana. Katikati ya muda huo, Desemba 2020, Free Fire ikamleta Cristiano Ronaldo kwa jina la Chrono. Kipawa chake kilikuwa kuba la nguvu lililozuia risasi za nje huku yeye akipiga kutoka ndani. Mwenye Chrono alikuwa hafi. Kila timu ikamtaka, na kwa nchi inayokesha kuangalia mpira hakuhitaji kutambulishwa. Aprili 2021, toleo la OB27 likamkata makali: kuba likadumu muda mfupi zaidi, na kusubiri kulitumia tena kukawa kurefu mno. Watengenezaji walikuwa sahihi, Chrono alikuwa anaua mchezo. Ila aliyekuwa ametumia pesa yake kumpata alilala na shujaa akaamka na mtu wa kawaida, na hakuna ofisi ya kulalamikia.

Januari iliyotangulia ilikuwa na somo jingine. Jioni ya tarehe 13, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilizima intaneti nchi nzima, ikairudisha tarehe 18. Maduka ya programu nayo yalikuwa yamezuiwa. Mchezo wa gigabaiti mbili uliokaa mzima ndani ya simu ukageuka picha ya kuzunguka isiyofika popote, kwa sababu haujui kuchezwa bila kwanza kubisha hodi kwa seva. Mashine ya mitumba kibandani, pale umeme ulipokuwapo, iliendelea na mpira wake kama kawaida.

Kodi pia ina sehemu yake. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na wenzao. Gemu hazikuwamo. Wanaocheza walipona. Julai 2021 kodi hiyo ikafutwa na badala yake ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe, na bando halichagui: ujumbe wa mama, habari za Goma na apdeti ya Chrono vyote vinalipa sawa. Wengi walishangilia kufa kwa kodi ya kwanza. Mchezaji hakuwa na cha kushangilia.

Umbali wenyewe ni kodi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 8,000 kwa njia ya kebo, kwenda na kurudi ni kilomita 16,000, yaani milisekunde 80 kabla hujahesabu mnara wa simu, foleni ya wateja na vituo vya njiani. Unafyatua, lakini kwa seva bado hujafyatua. Mwaka 2024 hali hiyo ilizidi. Februari kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwamo. Tarehe 12 Mei EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini, na Uganda, pamoja na Tanzania na Rwanda, ikabanwa kwenye njia zilizobaki. Mdunguaji ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa kazi yake ni risasi moja kwa wakati mmoja. Daktari alivumilia. Mtandao ukiwa mbovu, kazi za subira ndizo zinazofaa, na nina hakika kwamba uchaguzi wa kazi katika sehemu kama Nakivale haukufuata tabia ya mchezaji peke yake.

Wazee huuliza swali ambalo siwezi kulikwepa. Juni 2022 waasi wa M23 waliiteka Bunagana, mji wa Kongo mpakani na Uganda, na maelfu ya watu wa Rutshuru waliovuka kwenda Kisoro walihamishiwa Nakivale. Inakuwaje mtoto aliyekimbia milio ya bunduki ainunue kwa mega zake? Majibu ya kisaikolojia nawaachia wenye taaluma. Yupo mmoja aliyejibu kwa vitendo. Lual Mayen, Msudan Kusini aliyekulia kwenye kambi kaskazini mwa Uganda, alipewa na mama yake kompyuta ya dola 300 ambayo mama aliiwekea akiba kwa miaka mitatu. Alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Aliwahi kucheza Grand Theft Auto: Vice City, akaamua kutengeneza wa kwake. Mchezo wake, Salaam, humweka mchezaji kuwa mkimbizi anayekimbia na anayehitaji maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitambuliwa Los Angeles kwenye tuzo za The Game Awards. Hakuna kazi za kuchagua katika mchezo ule. Kuna kukimbia tu.

Chakula nacho kimekuwa na apdeti zake. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kiwango cha uhitaji, la tatu likaambiwa lijitegemee. Mei 2025, fedha za wafadhili zilipopungua zaidi, wakimbizi milioni moja nchini waliondolewa kwenye msaada huo. Mzazi anayegombeza juu ya bando baada ya hapo hana kosa, na anayedhani kwamba kijana ataacha kucheza kwa sababu hiyo hawajui vijana. Zile faili zitahama tu, simu kwa simu.

Ugumu wa kuiandika historia hii ni kwamba apdeti hufuta ya jana. Free Fire ya 2018 haichezeki tena popote, Chrono wa kwanza hayupo, na Call of Duty: Mobile ya Oktoba 2019 imebaki kwenye kumbukumbu za waliokuwapo. Team Fortress 2 angalau Valve imetoa msimbo wake kwa wote, Februari 2025. Michezo ya simu haina bahati hiyo. Kwa hiyo ninyi wa Base Camp, Juru na Rubondo, na ninyi mliosoma Mbarara mkiwabebea wenzenu matoleo mapya mfukoni: andikeni. Andikeni nani alipakua, kwa bando la shilingi ngapi, mlicheza na nani na kwa lugha gani, kila mmoja alichagua kazi gani, nani alihamishiwa Marekani au Canada akaendelea kuingia kwenye timu ileile usiku. Na mwenye simu ya zamani ambayo faili zake za 2019 bado zimo, asiiuze kwa bei ya vipuri.